Baiskeli Yangu Kuukuu

Nilipokuwa nafundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu, nilikuwa na desturi ya kuandika ubaoni methali mbili zinazopingana, kisha nikawaacha wanachuo wabishane. Jozi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Usiache mbachao kwa msala upitao", na ya pili, "Kipya kinyemi ingawa kidonda". Nusu ya darasa ilitetea mkeka wa zamani ambao mtu anao mkononi. Nusu nyingine ilitetea utamu wa kitu kipya, hata kama kitauma baadaye. Mimi nilikaa nyuma ya darasa nikitabasamu, maana nilijua kuwa kengele italia kabla ya upande wowote kushinda. Sikujua kwamba siku moja, nikiwa nimevuka miaka sabini, nitaketi chini ya mwembe wa fundi baiskeli hapa Morogoro, na methali zile mbili zitanigombania mimi mwenyewe.

Baiskeli yenyewe ni Raleigh ya mbio, ya gia kumi, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Niliinunua mwaka 1983 mjini Leeds, Uingereza, nilikopelekwa kwa masomo ya mwaka mmoja. Hata wakati huo haikuwa mpya. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akimaliza masomo aliniuzia kwa paundi thelathini, pamoja na pampu na spana mbili. Fremu yake ni ya chuma cha kawaida. Haina ule mrija wa Reynolds 531 ambao wapenzi wa baiskeli wameusifu tangu ulipoanza kuuzwa mwaka 1935. Lakini mimi, mtoto wa mkulima niliyejifunza kuendesha kwa kupenyeza mguu chini ya mtaimbo wa baiskeli ya baba, niliiona kama farasi wa mfalme. Leeds ni mji wa vilima, na kwa mwaka mzima nilivipanda na kuvishuka kwenda darasani, nikiokoa nauli ya basi.

Niliporudi nyumbani mwaka 1984, baiskeli ilinifuata kwa meli, imefungwa kwenye sanduku la mbao pamoja na vitabu. Siku tulipolifungua, jirani zangu walikusanyika kama kwenye mnada. Mke wangu alisimama pembeni, akamsubiri kila mtu amalize kusifu, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mbona hukuleta ya kike, tukaendesha sote?" Nilicheka. Nilimjibu kwamba baiskeli ya kike si ya mbio, na kwamba mke wa mwalimu kuonekana anakanyaga pedali barabarani haitapendeza. Yeye naye akacheka, akaingia ndani kupika. Neno hilo lilikwisha hapo, au ndivyo nilivyodhani.

Miaka iliyofuata baiskeli ile ilibadilika kidogo kidogo, kila badiliko likiletwa na haja ya wakati wake. Kwanza niliifungia keria ya chuma, jambo ambalo mwenye baiskeli ya mbio huko Ulaya angeliona kuwa ni kufuru. Juu ya keria ile mke wangu alipanda kwenda kliniki akiwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu, amekaa upande, mkono mmoja kiunoni mwangu. Juu ya keria ile nilibeba magunia ya mkaa, madaftari ya kusahihisha, na siku moja mbuzi wa Krismasi. Baadaye siti nyembamba ilinishinda, nikaweka pana yenye springi. Kisha nikaongeza stendi, madigadi na kengele.

Tatizo lilikuwa tairi. Baiskeli nyingi tulizozijua hapa nchini, kama Phoenix za China, Avon za India na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam, zilitumia tairi za inchi 28 zenye rimu ya kipenyo cha milimita 635. Yangu ni ya inchi 27, na rimu yake ina milimita 630. Tofauti ni milimita tano tu, lakini tairi haijui huruma: ama inakaa, ama haikai. Katika miaka ile ya upungufu, hata tairi za kawaida zilipatikana kwa kibali na kwa bahati. Tairi zangu za Leeds zilipokwisha, baiskeli ilining'inia ukutani zaidi ya miaka mitatu. Iliokolewa na mitumba. Zilipoanza kuingia baiskeli zilizotumika za Kijapani, fundi mmoja aligundua kwamba nyingi kati ya zile za mjini zina tairi zilizoandikwa inchi 27, na kipenyo chake ni kilekile cha milimita 630. Kwa hiyo baiskeli ya Mwingereza imetembea kwa miguu ya Mjapani kwa miaka mingi sasa.

Sasa nieleze kilichonipeleka chini ya mwembe. Ilikuwa wakati wa masika, mvua imenyesha asubuhi kutwa. Nilikuwa nikirudi mjini kutoka Bigwa, nilikokwenda kumjulia hali mwalimu mwenzangu mstaafu. Kwenye mteremko niliwaona watoto wa shule wakivuka barabara, wengine wamejifunika mifuko ya nailoni vichwani. Nilibana breki zote mbili. Hakuna kilichotokea. Anayeijua rimu ya chuma iliyopakwa kromu anajua ninachosema: ikiwa kavu inashika vizuri, ikilowa inakuwa kama sabuni. Nilipiga kengele, nikapiga kelele, kisha nikaona kwamba sina njia nyingine ila kuingia mtaroni. Nilichubuka goti na kiwiko, na miwani yangu ikavunjika. Watoto walikuja kuninyanyua. Mmoja wao, wa darasa la pili hivi, aliniuliza, "Babu, umeumia?" Nilimtazama nikawaza kwamba kama ningekawia kidogo tu, mimi ndiye ningekuwa namuuliza swali hilo, na huenda asingenijibu.

Wiki ile wanangu walifanya kikao. Mkubwa alisema wakati wa baiskeli umekwisha, nipande bajaji kama wazee wenzangu. Wa pili alisema watachanga waninunulie baiskeli mpya ya kisasa, yenye breki za sahani na gia nyingi. Mjukuu wangu wa kike, ambaye anasoma chuo na anakaa nami, alisema kitu kimoja tu: "Babu ile haiachi." Mimi nilisema itatengenezwa, tena itatengenezwa iwe bora kuliko baiskeli yoyote mpya. Nilisema kwa sauti ya mkuu wa chuo, ile inayofunga kikao.

Fundi wangu ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono yake imeshika weusi wa grisi usiotoka hata kwa magadi. Nilimweleza ndoto yangu. Nilitaka fremu ibaki, lakini viungo vyote viwe vya kisasa: gia tisa nyuma, magurudumu ya alumini ya vipimo vya siku hizi, breki mpya, kranki mpya. Hakunicheka. Aliipindua baiskeli, miguu juu, akaanza kunionyesha kimoja kimoja, kama daktari anavyomwonyesha mgonjwa picha ya kifua.

Alianza na nyuma. Nafasi ya kuingiza gurudumu la nyuma katika fremu yangu ni milimita 120, iliyotosha meno matano. Magurudumu ya mbio ya kisasa, ya meno manane mpaka kumi na moja, yanataka milimita 130. Kwa kuwa fremu ni ya chuma, inawezekana kuitanua pole pole bila moto, jambo ambalo halifai kwa fremu ya alumini. Lakini ukishaitanua, unahitaji gurudumu jipya. Gurudumu jipya linahitaji mnyororo mwembamba. Mnyororo mwembamba unahitaji swichi za gia nyingine na kile kifaa cha nyuma cha kuhamishia mnyororo. "Mwalimu," alisema, "hapa ukivuta uzi mmoja, shati lote linafumuka."

Akaja kwenye kranki. Zangu zimefungwa kwa pini za chuma zinazogongwa kwa nyundo, na ekseli yake inakaa ndani ya kikombe chenye nyuzi 26 kwa inchi. Baiskeli nyingi nyingine zina nyuzi 24. Raleigh ya Nottingham ilikuwa na vipimo vyake yenyewe, na kiwanda kile kiliacha kutengeneza baiskeli mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu akilazimisha kikombe cha nyuzi 24 kiingie, ataharibu fremu nzima. Ama breki za sahani, hilo alilikata mara moja: fremu na foki hazina mahali pa kuzifungia, na kuchomelea vipande kwenye mirija ile myembamba ni kuomba ajali.

Nilimuuliza basi kipi kinawezekana. Hapo uso wake ulifunguka. Alikwenda nyuma ya kibanda akarudi na rimu mbili za alumini, alizozitoa kwenye baiskeli za Kijapani zilizogongwa. Inchi 27, milimita 630, matundu 36 kama ya habu zangu. Akasema atazisuka upya kwa spoki mpya, na tairi zilezile zitakaa. Breki hazitahitaji kuhamishwa. Kama angeweka magurudumu ya kisasa ya milimita 622, rimu ingeshuka milimita nne kutoka kwenye raba za breki, na pengine mikono ya breki isingefika. Raba mpya, waya mpya na maganda yake, gololi mpya kwenye habu na kwenye usukani, mnyororo mpya wa aina ileile. "Ukibana kwenye mvua," alisema, "itasimama."

Niliomba karatasi nikaandika hesabu mbili, kama nilivyozoea kuwafundisha wanachuo kupanga bajeti ya shule. Ndoto yangu ya kwanza, pamoja na vitu vya kuagiza Dar es Salaam, ilizidi shilingi laki sita, na mwisho wake ningekuwa na baiskeli ambayo nusu yake haikuelewana na nusu nyingine. Marekebisho ya fundi yalikuwa laki moja na elfu arobaini. Baiskeli nzuri ya mtumba, iliyokamilika, ilikuwa kama laki mbili na nusu. Hesabu ilikuwa wazi: kuigeuza baiskeli ya zamani iwe ya kisasa ni ghali kuliko kununua ya kisasa, na kuitengeneza iwe salama ni rahisi kuliko vyote.

Nikiwa pale nilikumbuka kazi yangu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliazimia kila mtoto aingie shule ifikapo mwaka 1977, na vijana wengi waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu upesi upesi. Miaka mingi baadaye walimu wale wa daraja la C na B waliletwa kwetu vyuoni wapandishwe kufikia daraja la A. Baadhi ya wakufunzi wangu walinung'unika kwamba ni heri kuajiri vijana wapya kuliko kuwaparamia watu wazima wenye mazoea yao. Nilibishana nao sana. Niliwaambia, mwalimu huyu amesimama mbele ya watoto tisini bila vitabu kwa miaka kumi na tano. Mpeni anachokosa, msimvunje. Na kweli, waliofaulu zaidi walikuwa wale tuliowauliza kwanza wanajua nini. Tulipojaribu kuwabadilisha kila kitu kwa mara moja, walirudi shuleni wakiwa si wa zamani wala wa sasa. Nilijisifu kwamba somo hilo ninalijua, kumbe nilikuja kwa fundi kutaka kuirudia kosa ileile juu ya chuma.

Basi nikamwambia fundi afanye yale aliyoyapendekeza. Alifanya kazi siku nne. Siku ya tano nilikwenda na mjukuu wangu kuichukua. Rimu ziling'aa, mnyororo ulitoa ule mlio mwembamba wa mashine yenye afya. Nikashika usukani, nikainua mguu wa kulia kuuvusha juu ya siti.

Mguu haukupita. Nilijaribu mara ya pili, nikaiinamisha baiskeli upande, nikaurusha mguu kwa nguvu, ukagonga keria, na goti lililoumia mtaroni likanichoma kama mwiba. Ukweli ni kwamba haikuwa goti tu. Kwa miaka miwili nilikuwa nikitafuta jiwe au ngazi ya baraza la kunisaidia kupanda, na hakuna aliyejua. Tena gia yake nyepesi kabisa ni meno arobaini mbele na ishirini na nane nyuma, maana yake kila pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara moja na nusu. Kwa kijana wa miaka thelathini na mitatu kule Leeds ilikuwa sawa. Kwangu mimi, kila kilima kilikuwa kimegeuka kuwa cha kusukuma kwa mkono. Nilikuwa nimeuliza maswali yote juu ya baiskeli, na hata moja juu ya mwendeshaji.

Fundi alijifanya anatafuta spana. Kisha, bila kunitazama, alisema, "Mwalimu, ninayo ile pale." Ilikuwa ya Kijapani, ya mjini, yenye kikapu mbele, taa inayowaka kwa dainamo iliyo ndani ya habu, gia tatu zilizofichwa ndani ya gurudumu la nyuma. Na fremu yake ilikuwa imeshuka chini katikati, ili mtu aingize mguu bila kuurusha. Yaani baiskeli ya kike.

Msomaji, nimeongoza chuo. Nimesimama mbele ya mawaziri. Lakini sikumbuki siku niliyoona aibu kama ile, nikisimama kati ya vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha, nikionyeshwa baiskeli ya kike. Na ndani ya aibu ile ndipo nilipoisikia sauti ya mke wangu: "Mbona hukuleta ya kike, tukaendesha sote?" Amefariki tangu mwaka 2016. Kwa miaka thelathini na miwili alikaa juu ya keria, upande, akishikilia kiuno changu, kwenda kliniki, kanisani, misibani na sokoni. Hakuendesha hata mara moja. Sikumkataza kwa ukali. Nilicheka tu, na kicheko cha mume kilitosha. Leo mimi ndiye niliyeihitaji fremu ile, na sababu niliyompa yeye haikunifaa mimi mwenyewe.

Nilipanda. Mguu uliingia kama mtu anayepita mlangoni kwake. Nilizunguka mwembe mara mbili, nikabana breki, ikasimama. Vijana wa bodaboda walicheka, mmoja akasema, "Babu amependeza!" Nikawajibu kwamba nao wakiishi vizuri watafika. Nilimlipa fundi zote mbili, hesabu yangu yote ya akiba ikaisha siku ile.

Ile Raleigh niliigeuza nikampa mjukuu wangu usukani. Nilitegemea ashangae. Yeye alikunja tu suruali yake, akaiinamisha kidogo, akavusha mguu, akaondoka. Sikujua kwamba anaweza. Baadaye aliniambia amekuwa akiichukua alfajiri, mimi nikiwa bado nimelala, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Keria ameiondoa, anasema ni nzito. Nilitaka kumzuia, kisha nikakumbuka kwamba mimi nami niliifunga kwa haja yangu, na haja hiyo imekwisha. Nimeihifadhi stoo.

Kwa hiyo kama una baiskeli ya zamani na unajiuliza kama uiboreshe au ununue nyingine, nitakupa ushauri wa mwalimu mzee. Anza na kinachoweza kukuua: breki, rimu, tairi, foki. Hivyo vitengeneze bila kuhesabu sana. Kagua kama fremu haina ufa. Ikiwa na ufa, hapo hakuna mjadala tena. Pima vipimo kabla ya kununua kiungo chochote, maana milimita nne zinatosha kukuumbua. Usiitake iwe kitu ambacho haikuumbwa kuwa. Na kabla ya yote, inua mguu uone unafika wapi.

Methali zangu mbili bado zinabishana. Juzi tulikwenda Bigwa pamoja, mimi na mjukuu wangu, kila mtu na yake. Kwenye mteremko ule mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza. Yeye alinitangulia, na pale watoto wanapovukia nilimwona akibana breki. Ile kuukuu ikasimama. Mimi nikafika nyuma yake pole pole, na mimi nikasimama.